Mtu mwenye ulemavu asiyejulikana mtaani kwake hapangiwi hela, jamani tuwaandikishe

Ndugu zangu, bado kuna nyumba ambazo mtoto mwenye ulemavu hatolewi nje mgeni akija, na sio kila mara ni ukatili, wengine wanaona aibu, wengine wanaogopa maneno ya majirani, na wengine kwa kweli wanadhani wanamlinda, hasa wenye watoto wenye ualbino ambao hawajasahau yale mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa mikoa ya Kanda ya Ziwa miaka ile. Naelewa hofu hiyo. Lakini kama afisa ustawi wa jamii nasema wazi kwamba mtoto huyo akikaa hivyo miaka mingi, hakuna ofisi inayojua kama yupo, na ofisi isiyojua kama yupo haiwezi kumuwekea hata shilingi moja kwenye bajeti yake.

Watu wengi wananijibu "si alihesabiwa kwenye sensa?" Ndio, alihesabiwa, na sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani, yaani zaidi ya mtu mmoja kwa kila kumi. Ila taarifa za sensa ni siri kisheria, jina la mtu halitoki kule likaja kwenye meza ya mtendaji wa mtaa. Sensa inasaidia taifa kupanga kwa ujumla. Mtu kupata huduma yeye mwenyewe ni jambo lingine, inabidi ajulikane kijijini au mtaani kwake, kwa jina, kwa aina ya ulemavu na kwa mahitaji aliyonayo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 ndiyo iliyoweka utaratibu huu kwa upande wa Bara (Zanzibar wana sheria yao). Ilikuja baada ya nchi kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa kwenda juu. Muulize mtendaji wako kamati ya hapo ni akina nani na inakaa lini, na kama haijaundwa lisemeni kwenye mkutano wa hadhara, kwa sababu bila kamati hiyo mahitaji ya hawa watu yanabaki kuzungumzwa na watu wasioyaishi.

Na mkutano wenyewe wa hadhara msiudharau. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, majina ya kaya yanaanza kutajwa na wanajamii wenyewe pale pale mkutanoni kabla ya uchambuzi kuendelea. Sasa kama majirani hawajawahi kumuona mtoto wako, nani atamtaja? Hata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, ile sehemu ya kuwagharamia wasio na uwezo, lazima kwanza watambuliwe, na kutambuliwa kunaanzia huku chini.

Halafu tuelewane, ulemavu sio kitimwendo peke yake. Bibi ambaye haoni vizuri mpaka anashindwa kujihudumia, kijana ambaye amepoteza usikivu na amenyamaza tu kwa sababu amechoka kuuliza "umesemaje", mtu mwenye ulemavu wa akili, mwenye ulemavu wa afya ya akili, wote wanahusika. Hao wanaosahaulika ndio wananiuma zaidi maana hawaonekani kwa macho, na wenyewe hawajihesabu.

Kwenye vifaa naomba nikae kidogo kwa sababu hapa tunapoteza sana. Kila mwaka kuna watu wema wanagawa vitimwendo, picha zinapigwa, makofi, halafu miezi michache baadaye kiti kiko nyuma ya nyumba kimeharibika gurudumu. Kitimwendo sio kama kiti cha plastiki kwamba yeyote anakaa, kinatakiwa kipimwe kwa mwili wa mtu, upana wa nyonga, urefu wa miguu, kama anaweza kukaa wima mwenyewe au anahitaji kushikiliwa, na njia anayopita ni ya lami au mchanga. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akiwekwa kwenye kiti cha mtu mzima uti wa mgongo unazidi kupinda, na mtu aliyepooza asiyekuwa na hisia chini akikaa bila mto unaofaa anapata vidonda vya mgandamizo, vidonda hivyo vikiingia maambukizi vinaua. Kwa hiyo mfadhili akija mtaani mwambieni tunashukuru, ila tunaomba mtu apimwe kwanza, na fundi wa kukitengeneza awe nani, atapatikana wapi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF kwenye ripoti yao ya 2022 walisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kuna nchi za kipato cha chini ambako wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji, sasa hicho kidogo kinachofika kikiharibika kwa uzembe inauma mno. Hospitali kama KCMC pale Moshi, na MOI na CCBRT za Dar es Salaam, zina wataalamu wa viungo, omba rufaa kutoka kituo chako cha afya. Na mafuta ya kukinga ngozi ya mwenye ualbino na miale ya jua yahesabiwe kama dawa, usikubali mtu akuambie ni vipodozi, kwa sababu saratani ya ngozi ndiyo inayowamaliza wengi wao wakiwa bado vijana.

Shule. Mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa ya kusoma na mwalimu mkuu hana ruhusa ya kumkataa kwa sababu tu ya hali yake, lakini nisiwadanganye, elimu bila ada haijamaliza tatizo, kwa sababu mtoto anaweza kuwa hadaiwi ada na bado akashindwa kwenda kwa vile choo cha shule hakiingiliki, au mwalimu hajui lugha ya alama, au hakuna wa kumbeba kilomita tatu asubuhi. Mzazi usisubiri afikishe miaka tisa ndio uje kuuliza. Mtoto kiziwi akicheleweshwa lugha ya alama miaka ya mwanzo, pengo hilo ni gumu sana kuliziba baadaye. Na kwenye mitihani ya taifa kuna karatasi za nukta nundu kwa wasioona, za maandishi makubwa na kuna muda wa kuongezewa, ila shule lazima itoe taarifa mapema wakati wa usajili, kwa hiyo mfuatilie mwalimu mpaka ahakikishe imeandikwa.

Kwenye kazi, sheria inasema mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 anatakiwa asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Waajiri wengi hawajui, na waombaji wengi pia hawajui kwa hiyo hawaulizi. Aliyeumia kazini akapata ulemavu ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mwajiri ndiye anayechangia sio mfanyakazi, asije akadanganywa kwamba akatwe mshahara, na taarifa ya ajali itolewe haraka kabla ushahidi haujapotea.

Anayetaka kujiajiri, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata na utaratibu mpya, sasa nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata akueleze ulivyo leo, usisikilize anayetaka umpe hela ili akujazie fomu. Kuna maeneo ile asilimia 2 inabaki bila kuombwa, halafu mtu anasimama kwenye kikao anasema wenye ulemavu hawana shida na mikopo! Wana shida nayo, ila tangazo limebandikwa ukutani kwa herufi ndogo ghorofa ya pili, asiyeona atalisomaje na wa kitimwendo atapandaje?

Kuna mtu mwingine hatumsemi, mama anayemlea mtoto mwenye ulemavu mkubwa. Mara nyingi baba ameshaondoka, mama hawezi kwenda shamba wala sokoni kwa sababu hakuna wa kumwachia. Huyu anaweza kuomba mkopo kupitia kundi la wanawake, na anaweza kuomba msamaha wa gharama za matibabu kwa kuanza na barua ya mtendaji kisha afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ila kabla ya makaratasi yote hayo anahitaji jirani wa kumkalia mtoto masaa mawili tu ili afike huko ofisini, na hili halihitaji bajeti ya serikali.

Ukikataliwa huduma, omba jibu kwa maandishi na uandike tarehe na cheo cha aliyekujibu. Rudi kwenye kamati, au nenda kwa wasaidizi wa kisheria, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambulika rasmi na msaada wao ni bure kwa asiye na uwezo. Chama cha watu wenye ulemavu cha eneo lako pia kinaweza kwenda na wewe, vingi viko chini ya shirikisho lao la SHIVYAWATA, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko bila malipo. Kama wewe ni kiziwi au hauoni, una haki ya kwenda na mtu unayemwamini akakusaidia kuwasiliana, lakini afisa anatakiwa aongee na wewe mwenyewe, sio na uliyekuja naye.