Je, wajua kwa nini virusi vilivyo kwenye damu mara nyingi havifiki ubongoni?

Kati ya watu 150 walioambukizwa virusi vya West Nile, vilivyogunduliwa Uganda mwaka 1937, ni kama mmoja tu ambaye hupata madhara makali ya ubongo au neva. Wengi wa waliobaki hata hawajui kwamba mbu amewaambukiza. Lakini virusi hivyo husambaa kwa damu, na karibu asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo huelekea ubongoni. Sasa vinakwamia wapi?

Dokezo la kwanza lilitokana na rangi. Mwaka 1885 daktari Mjerumani Paul Ehrlich aliwadunga wanyama rangi kwenye damu, akakuta viungo karibu vyote vimekolea isipokuwa ubongo. Akadhani ubongo haushiki rangi, basi. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, akaligeuza jaribio mwaka 1913: rangi akaidunga kwenye maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Safari hii ubongo ukakolea, mwili wote uliobaki haukukolea. Kumbe ubongo hauna neno na rangi. Kinachozuia ni mlango wa kuingilia.

Mlango wenyewe ni kapilari, vile vishipa vidogo kabisa vya damu. Kwingi mwilini, seli za kuta zake huachiana mianya. Ubongoni zimebanana, zimeshonwa kwa protini, na kwa nje zimezungukwa na seli nyingine zinazozisaidia. Oksijeni hupenya yenyewe, sukari huvushwa na protini maalumu, na pombe, kama kila mnywaji ajuavyo, haina kizuizi. Kirusi kinachoelea peke yake hakioni pa kupita.

Tena ukuta huu haukai tu. Mwili ukigundua virusi hutoa interferoni, yaani protini za kinga, na baadhi yake huubana mshono zaidi. Panya waliozaliwa bila vipokezi vya interferoni lambda, walipoambukizwa West Nile, ukuta wao ulivuja zaidi na virusi vikajaa zaidi ubongoni.

Ndiyo maana virusi vijanja havigombani na ukuta. VVU hujificha ndani ya seli nyeupe za damu, ambazo zina ruhusa ya kupita. Virusi vya kichaa cha mbwa, hivyo ndivyo vinavyotisha zaidi: damu havina haja nayo kabisa. Kutoka kwenye jeraha vinaingia ncha za neva, kisha vinapanda ndani ya neva hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo. Kwa kawaida safari hiyo huchukua wiki au miezi, na aliyeng'atwa usoni huwa na muda mfupi kuliko aliyeng'atwa mguuni. Katika muda huo, kuosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kuwahi chanjo huokoa maisha.

Vikishafika, ukuta ule ule unageuka kikwazo. Hubaki umefungwa kwa kiasi kikubwa, na askari wa kinga wanabaki nje huku virusi vikizaliana ndani. Dalili zikianza, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa panya walioambukizwa virusi vya kichaa cha mbwa vilivyodhoofishwa, waliopona ni wale ambao ukuta wao ulilegea, askari wa kinga wakaingia.