Kemikali Zisizo Kwenye Orodha: Namna ya Kuzibana Ndani ya Kibali cha Majitaka

Vibali vingi vya kumwaga majitaka ya kiwanda mtoni vina orodha ileile: pH, joto, chembe zinazoelea, BOD (oksijeni inayotumiwa na bakteria kuozesha uchafu), COD (oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali), mafuta, na metali nzito chache. Kiwanda kinapima, namba zinakaa ndani ya viwango, ripoti inafungwa. Lakini vipimo hivi havikuundwa ili kuona kemikali inayodhuru kwa mikrogramu. Chukua 1,4-dioksani, ambayo hujitokeza kwenye utengenezaji wa sabuni za maji na wa plastiki ya chupa. Majitaka yenye mikrogramu 100 kwa lita huongeza COD kwa takriban miligramu 0.18 tu kwa lita. Majitaka yaliyosafishwa vizuri yanaweza kuwa na COD ya miligramu 50 kwa lita, kwa hiyo nyongeza hiyo inazama kabisa.

Orodha za kisheria nazo hutambaa. Ile ya Marekani ya vichafuzi 126 ilitokana na makubaliano ya mahakamani ya mwaka 1976, na kwa miongo haijaongezewa kitu. Umoja wa Ulaya ulianza na dutu 33 mwaka 2001, ukafika 45 mwaka 2013. Kemikali zilizo sokoni ni makumi ya maelfu. Ukingoja kemikali iingie kwenye orodha ndipo uiwekee kikomo, utangoja hadi mto uchoke. Silaha iliyopo mkononi ni kibali chenyewe, na inategemea sana kilivyoandikwa.

Sentensi ninayoiona kuwa na thamani kuliko kurasa zote za majedwali ni hii: dutu yoyote isiyotajwa kwenye maombi ya kibali hairuhusiwi kumwagwa. Bila hiyo, kibali hugeuka ngao ya mwenye kiwanda. Kwa sheria ya Marekani, kwa mfano, kutimiza masharti ya kibali kwa kawaida huhesabiwa kuwa kutimiza sheria, na mahakama zimekubali kwamba kemikali iliyofichuliwa kwa mamlaka inalindwa hata kama haikuwekewa kikomo. Kwa hiyo afisa akisoma kwenye maombi jina la kemikali asiyoijua kisha akanyamaza, ameiruhusu. Sentensi ya pili ni ya kufungua kibali upya: mamlaka inaweza kuongeza kikomo kabla ya muda kwisha endapo taarifa mpya zitapatikana.

Ufichuzi wenyewe unahitaji kudaiwa kwa undani. Karatasi za usalama wa kemikali hazitoshi, kwani kwa kawaida hutaja viambato vilivyotambuliwa kuwa hatari, tena vilivyozidi kiasi fulani, mara nyingi asilimia 1, au 0.1 kwa vinavyosababisha saratani. Mengine hufichwa chini ya jina la siri ya biashara. Mimi hudai jedwali lenye namba ya CAS (namba ya utambulisho wa kemikali inayotumika kimataifa) ya kila dutu inayoingia, kilo kwa mwaka, hatua ya uzalishaji inapotumika, na inakotokea: kwenye bidhaa, hewani, kwenye taka ngumu au kwenye maji. Mizania ya kinachoingia na kinachotoka isipofunga, kilo zinazokosekana ndizo za kutafutwa kwenye bomba.

Ila kemikali mbaya mara nyingi haikununuliwa na mtu. Ni zao la kando. Dioksani hujitengeneza yenyewe wakati oksidi ya ethilini inapounganishwa na alkoholi kutengeneza sabuni. GenX, kemikali ya florini iliyojulikana kwa umma mwaka 2017 kwenye Mto Cape Fear, North Carolina, ilikuwa imetoka kwa miaka mingi kama zao la kando la mchakato mwingine wa kiwandani. Ilikuwa imeonekana mapema kidogo na watafiti waliotumia mashine za kupima uzito wa molekuli bila kutafuta jina maalumu. Kwa hiyo jedwali la ununuzi liambatane na maelezo ya mmenyuko wa kila hatua na mazao yake ya kando. Mhandisi wa mchakato anayajua hayo; ofisa mazingira wa kiwanda huenda hayajui. Mwite mhandisi kikaoni.

Ukishalipata jina, unahitaji namba. Kama hakuna kiwango rasmi, tumia vipimo vya sumu vilivyopo kwa mwani, Daphnia (kijidudu cha maji baridi) na samaki. Chukua thamani ndogo kuliko zote, ugawe kwa kigezo cha tahadhari. Kwa utaratibu wa Ulaya, ukiwa na vipimo vya muda mfupi tu vya makundi hayo matatu, unagawa kwa 1,000. Ukiwa na vya muda mrefu kwa yote matatu, unagawa kwa 10. Tuseme dozi inayoathiri nusu ya Daphnia ni miligramu 0.5 kwa lita. Gawa kwa 1,000, lengo la mtoni linakuwa mikrogramu 0.5 kwa lita. Kiwanda kikilalamika kwamba ni kali mno, kigharamie vipimo vya muda mrefu, na kigezo kitashuka. Huo ni ushawishi mzuri kuliko mabishano.

Sasa mto. Kwa sumu ya viumbe wa majini tumia mtiririko wa kiangazi, si wa wastani. Kwa madhara yanayojijenga kwa miaka, kama saratani, mtiririko wa muda mrefu ndio unaofaa. Tuseme kiangazi mto una mita za ujazo 2 kwa sekunde, yaani 172,800 kwa siku, na juu ya kiwanda tayari una mikrogramu 0.1 kwa lita. Kiwanda kinamwaga mita za ujazo 4,000 kwa siku. Mikrogramu kwa lita ni sawa na miligramu kwa mita ya ujazo, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: 0.5 × 176,800 ni miligramu 88,400, toa 17,280 zilizomo mtoni, zinabaki 71,120. Kiwanda kinaruhusiwa gramu 71 kwa siku, au mikrogramu 17.8 kwa lita.

Hapa wengi husimama, na hapa ndipo penye tundu. Kiwanda kinachozalisha kwa mafungu kinaweza kufungua tangi na kumwaga hizo 4,000 zote ndani ya saa 6. Katika saa hizo mto unaleta mita za ujazo 43,200 tu. Gramu 71 zilezile, zikichanganyika humo, zinapandisha mto hadi mikrogramu 1.6 kwa lita, mara tatu ya lengo, huku kikomo cha siku kikiwa kimetimizwa. Dawa ni kuandika kiasi kwa siku, mkusanyiko wa juu kabisa, na kasi ya juu ya kumwaga, au kudai tangi la kusawazisha. Kiasi kwa siku kinaziba pia ujanja wa kuongeza maji ya kupozea ili kupunguza mkusanyiko. Sehemu ya kuchukulia sampuli iwe kabla maji hayo hayajaingia.

Sampuli iwe mchanganyiko wa saa 24 unaofuata mtiririko, kwa kemikali zisizoruka hewani. Kwa PFAS, zile kemikali za florini zisizooza, uchafuzi huweza kutoka kwa mpimaji mwenyewe: mirija ya Teflon, vifuniko vyenye bitana ya Teflon, koti lisiloloa maji. Tumia chupa za polithini nzito, beba sampuli tupu ya maji safi hadi eneo la kazi, weka barafu. Njia ya Marekani namba 1633, iliyokamilishwa Januari 2024, hupima PFAS 40. Kilichobaki nje ya hizo 40 hakionekani, kwa hiyo ongeza jaribio la kuoksidisha: pima, oksidisha, pima tena. Ongezeko kubwa la asidi kama PFOA, mojawapo ya PFAS, linaonyesha kwamba kulikuwa na mizizi iliyofichika, yaani PFAS nyingine zinazogeuka kuwa asidi hizo. Ndiyo maana mtambo wa kusafisha majitaka kwa bakteria unaweza kutoa PFOA nyingi kuliko iliyoingia: haukuitengeneza kutoka hewani, umekatakata mizizi hiyo.

Wavu wa mwisho ni kupima sumu ya majitaka yote kwa jumla: viumbe huwekwa kwenye maji yenye majitaka asilimia 100, 50, 25, 12.5 na 6.25, kwa saa 48 kwa Daphnia. Wale waliowekwa kwenye maji safi ya kulinganishia wakifa zaidi ya mmoja kati ya kumi, jaribio limeharibika. Wavu huu hunasa mchanganyiko ambao hakuna aliyeutaja, lakini hauoni saratani wala kinachojilimbikiza taratibu kwenye samaki. Usiutumie badala ya hesabu ya hapo juu.

Usafishaji ufanyike kwenye mkondo mdogo, kabla haujachanganyika na mengine. Dioksani huyeyuka majini kabisa, haishiki vizuri kwenye mkaa amilifu wala haipeperuki kwa urahisi. Hutakiwa miali ya urujuanimno pamoja na peroksidi ya hidrojeni, au ozoni na peroksidi. Zingatia bromidi iliyomo majini, maana ozoni huigeuza bromati, nayo yenye madhara. Kwa PFAS, weka matangi mawili ya mkaa yanayofuatana, maji yakae dakika 10 hadi 20 katika kila moja, upime katikati. Zenye mnyororo mfupi wa kaboni hupenya kwanza, na zinaweza kutoka zikiwa nyingi kuliko zinavyoingia, pale zenye mnyororo mrefu zinapozisukuma zitoke kwenye mkaa. Zikionekana katikati, tangi la kwanza linabadilishwa na la pili linachukua nafasi yake. Kibali kitaje pia mkaa uliochoka unapelekwa wapi, maana ukirundikwa uani mvua ikanyesha, kemikali zinarudi mtoni bila kupita kwenye bomba lolote linalopimwa.