Sataranji za kompyuta: kuhamisha kete kwa mkono si haki

Wiki hii mtunzi mwingine wa programu ya sataranji ameniletea matokeo ya michezo 10 aliyoisimamia kwa mkono kati ya kompyuta mbili. Programu yake imeshinda 6–4. Nilipomshauri aziache zicheze zenyewe usiku kucha, akajibu kama wenzake wote: “Mashine haina haki. Nikihamisha kete mwenyewe naona kila kitu.”

Jicho haliioni bahati. Chukua programu mbili zenye nguvu sawasawa zicheze michezo 10 isiyo na sare: mara tatu kati ya nne matokeo hayatakuwa 5–5. Basi hiyo 6–4, ambayo kwa hesabu ya Elo (alama zinazopima nguvu za wachezaji wa sataranji) ni tofauti ya alama 70 hivi, haithibitishi lolote. Hata michezo 100 huacha shaka ya makumi ya alama. Ndiyo maana tangu 2013 mabadiliko ya Stockfish, programu maarufu ya sataranji, hupimwa kwenye Fishtest, mfumo wake wa majaribio, kwa maelfu ya michezo, kwa kompyuta za watu wanaojitolea. Kete zote hizo nani azihamishe?

Tena mkono wenyewe unapendelea. Programu moja imeshajibu, nawe umekwenda kuepua chai kabla ya kuingiza hatua yake upande wa pili. Muda wote huo, ile inayofikiri katika zamu ya mpinzani inapata muda wa ziada wa kufikiri bila saa yake kupungua. Halafu saa saba usiku, umechoka, unaamua “hii ni sare” na kufunga mchezo ambao haujaisha. Hilo nimeliona mara nyingi mno.

Eti michezo ya kasi haipimi kitu? Fishtest yenyewe huanza na sekunde 10 kwa mchezo na nyongeza ya sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila hatua. Kinachofaulu ndipo hupewa muda mrefu zaidi.

Eti kikiwa cha kiotomatiki kipimo ni cha haki moja kwa moja? Hapana. Mwaka 2017 AlphaZero, programu ya kampuni ya DeepMind, iliishinda Stockfish 8 mara 28, sare 72, bila kupoteza hata mchezo mmoja. Waliolalamika walilalamikia masharti: dakika moja kwa kila hatua, hivyo ustadi wa Stockfish wa kugawa muda ukakosa kazi, na kumbukumbu ya GB 1 tu.

Kwenye kompyuta moja, zima kufikiri katika zamu ya mpinzani, la sivyo zitanyang'anyana prosesa. Kila ufunguzi (hatua za kwanza za mchezo) uchezwe mara mbili kwa kubadilishana rangi. Kisha niletee faili zima la michezo, pamoja na muda wa kila hatua. Nitaanza na ile iliyopotea kwa kuishiwa muda.