Kilo 500 Hazikumpa Taji: Dhana Potofu Kuhusu Mtu Mwenye Nguvu Zaidi Duniani

Katika baraza za kahawa za Ngamiani, jijini Tanga, mazungumzo kuhusu mashindano ya Mtu Mwenye Nguvu Zaidi Duniani huishia mara nyingi kwenye dhana moja, kwamba taji humwendea aliyenyanyua uzito mkubwa kuliko wenzake. Sivyo. Fainali huwa na washindani kumi wanaopitia majaribio kadhaa, na katika kila jaribio wa kwanza hupata pointi 10, wa pili 9, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Bingwa ni mwenye jumla kubwa. Julai 2016, mjini Leeds, Mwingereza Eddie Hall aliinua kutoka sakafuni kilo 500, sawa na mifuko kumi ya saruji kwa mkupuo mmoja, uzito ambao hakuna aliyekuwa ameuinua kabla yake. Mwezi uliofuata, huko Kasane, Botswana, katika fainali ya Mtu Mwenye Nguvu Zaidi Duniani, alishika nafasi ya tatu nyuma ya Mmarekani Brian Shaw na Hafþór Júlíus Björnsson wa Iceland. Taji alilipata 2017, Gaborone.

Wengine husema Waafrika huandaa tu mashindano hayo na kuwashangilia wageni. Kauli hiyo ilikuwa na ukweli kiasi, kwani hakuna Mwafrika aliyetwaa taji tangu 1977 yalipoanzishwa hadi 2025, Rayno Nel wa Afrika Kusini alipomshinda Tom Stoltman wa Scotland mjini Sacramento kwa nusu pointi. Mzee mmoja alishikilia kwamba nusu hiyo ni hila ya waamuzi, na kikombe chake kikagongwa mezani kuthibitisha. Hesabu ya nusu pointi ni nyepesi: wawili wakifungana katika nafasi ya kwanza, 10 na 9 hujumlishwa, kila mmoja akapata 9.5.

Wala haya si mashindano ya kutunisha misuli. Hapa hakuna anayepewa pointi kwa umbo la baunsa.

Dhana ninayoiheshimu zaidi ni ile isemayo kuwa kuli wa Soko la Mgandini angewashinda wote. Nimemtazama kuli akifanya kazi: wenzake wawili humtwisha gunia, yeye huinama kidogo, akaliweka sawa begani, kisha akaondoka kwa hatua fupi za haraka, na safari hiyo huirudia kutwa nzima, jambo ambalo sidhani kama bingwa yeyote angeliweza kwa wiki moja. Lakini jiwe la mviringo la mashindano halina mtwishaji wala pa kushikia. Mshindani huliinua mwenyewe kutoka chini hadi mapajani, huchuchumaa akalikumbatia, kisha husukuma kwa nyonga mpaka lipande kifuani na kutua juu ya kiguzo. Mikononi hujipaka ulimbo, ambao wasiojua huuita udanganyifu. Ulimbo huo huzuia jiwe lisiteleze, lakini kuliinua ni kazi ya mgongo na miguu yake.