Je, wajua kwa nini nyumba moja Marekani inaweza kukamata stesheni mbili za tivii za NBC kwa mpigo?

Kama una ndugu au rafiki anaishi Columbia kule Maryland, katikati ya Washington na Baltimore, muulize akifunga antena juu ya paa anapata NBC ngapi. Kuna uwezekano mkubwa atakwambia mbili, chaneli 4 na chaneli 11. CBS nayo mbili, 9 na 13. ABC 7 na 2, Fox 5 na 45. Zote za bure, hakuna cha kulipia kifurushi, na ikifika saa mbili usiku tamthilia inayopita 4 ndo hiyohiyo inapita 11. Sasa kwa nini watu wamwage hela kujenga minara miwili, kuajiri waandishi pande mbili, mafundi pande mbili, halafu warushe kitu kimoja kwenye tivii ileile?

Kwetu hii inachanganya kwa sababu tumezoea stesheni kuwa moja nchi nzima. TBC1 anayoiona mtu wa Dar ndo anayoiona mtu wa Mwanza, na Citizen ya Nairobi ndo ya Kisumu. Marekani haiko hivyo. NBC, CBS, ABC na Fox ni netiweki, yaani makampuni yanayotengeneza na kununua vipindi halafu yanavigawa kwa stesheni za mikoani, na kila stesheni ina leseni yake, mnara wake, taarifa yake ya habari na mara nyingi mwenye mali mwingine kabisa. Ni kama kampuni ya soda na wakala wake wa wilaya, chupa ni zilezile lakini duka na mauzo ni ya wakala. Netiweki zinamiliki stesheni chache tu, hasa za miji mikubwa, na sheria inazuia kampuni moja kumiliki stesheni zinazofikia zaidi ya asilimia 39 ya kaya za nchi nzima. Hata hapo Washington na Baltimore utaona mchanganyiko, NBC inamiliki WRC ya Washington (ile chaneli 4) lakini WBAL ya Baltimore (11) ni ya kampuni ya Hearst, wakati CBS inamiliki WJZ ya Baltimore (13) na ile ya mji mkuu, WUSA (9), siyo yake.

Leseni inatolewa na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya kule, na inatolewa kwa mji maalumu. Halafu Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, imeigawa nchi nzima kwenye masoko 210 ya televisheni ili watu wa matangazo wajue wanamuuzia nani. Washington ni soko lake na Baltimore ni soko lake, ingawa kutoka mji mmoja hadi mwingine ni kilomita sitini na kitu tu. Wimbi la tivii halijui mpaka wa Nielsen, likitoka mnarani linaenda hadi lichoke lenyewe, kwa hiyo wanaokaa katikati wanapigwa na mawimbi ya pande zote mbili.

Lakini siyo kila penye netiweki mbilimbili ni suala la miji kukaribiana. Kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya Tampa na Sarasota, Florida, maana pale kosa lote ni la hesabu za umbali. Mwaka 1948 FCC ilisimamisha utoaji wa leseni mpya kwa sababu stesheni zilianza kuingiliana, na mwaka 1952 ikaja na mpango mpya wa nchi nzima wenye masharti makali: stesheni mbili za VHF (zile za chaneli 2 hadi 13) zenye namba moja ya chaneli lazima ziachane umbali fulani, na kwa ukanda wa Florida na Ghuba ya Meksiko ilikuwa maili 220, sawa na kilomita 354 hivi. Sasa Miami tayari ilikuwa na chaneli 10, na eneo la Tampa nalo likapewa chaneli 10. Stesheni nyingine za Tampa ziliweka minara Riverview, kusini mashariki mwa jiji, sehemu nzuri inayofika kila upande, ila mwenye chaneli 10 asingeweza kwenda huko kwa sababu angekuwa karibu mno na Miami. Ikabidi mnara wake usogezwe hadi kaskazini kule New Port Richey. Chukua ramani upime kutoka hapo mpaka Miami uone, ni kama maili 220 zenyewe, wamesogea mpaka pale sheria iliporuhusu.

Na hiyo chaneli 10, inayoitwa WTSP siku hizi, ndo ilikuwa ya ABC. Matokeo yake watu wa Sarasota walioko kusini, karibu kilomita 100 kutoka ule mnara, walikuwa wanapata ABC ya mchele mchele wakati NBC na CBS zinaingia safi. ABC haikukubali kupoteza mji mzima, kwa hiyo mwaka 1971 ilipoanzishwa stesheni mpya Sarasota, chaneli 40, ikapewa ABC. Soko ni lilelile la Tampa, ABC mbili.

Kinachonishangaza mimi ni kwamba sababu ilishakufa na stesheni imebaki. Mwaka 1994 Fox iliingia mkataba na New World, kampuni yenye stesheni zake, ikachukua stesheni kibao zilizokuwa za CBS na wengine, nchi nzima ikavurugika, watu wakawa wanabadilishana netiweki. Tampa ikawa hivi: chaneli 13 ikaenda Fox, chaneli 10 ikaenda CBS, na ABC ikahamia chaneli 28, WFTS, ambayo haikuwa na mzigo ule wa kuikwepa Miami. Ungedhani Sarasota haihitajiki tena. Lakini chaneli 40, siku hizi WWSB, ilishakuwa na habari zake za Sarasota na Bradenton, wafanyabiashara wa huko wanatangaza humo kwa bei inayolingana na mji wao badala ya kulipia bei ya Tampa nzima, na watazamaji wake wameshazoea. ABC ikabaki nayo.

Hapo ndo utaelewa hizi stesheni zinaishi kwa nini. Ndani ya saa moja ya kipindi cha netiweki dakika nyingi za matangazo ni za netiweki yenyewe, stesheni inaachiwa chache, lakini matangazo yanayoingia ndani ya taarifa ya habari ya mkoani ni ya stesheni karibu yote. Tamthilia ya saa mbili inakuleta kwenye chaneli, habari za saa tano usiku ndo zinalipa mishahara. Na habari za Baltimore hazimhusu mtu wa Washington, meya tofauti, shule tofauti, foleni tofauti.

Mpira nao usiusahau. Jumapili Ravens, timu ya Baltimore ya mpira wa Kimarekani, wakicheza mechi iliyo CBS, chaneli 13 inaionyesha bila mjadala, lakini chaneli 9 ya Washington inaweza kupangiwa mechi nyingine kabisa muda huohuo. Mwenye antena pale Columbia anachagua anayoitaka, bure.

Wa kebo, yaani anayelipia tivii ya waya, ndo hana raha hiyo sana. Stesheni inaweza kuidai kampuni ya kebo izibe kipindi cha netiweki kinachokuja kutoka stesheni jirani, kwenye eneo la maili 35 kuizunguka kama ni soko kubwa au 55 kama ni dogo, isipokuwa pale ambapo ile ya jirani inahesabika kuwa inatazamwa sana na watu wa eneo hilo tangu zamani. Netiweki nayo haikuachiwa kuilinda stesheni moja kupita kiasi, kanuni za FCC za 1941, enzi za redio, zilikataza mkataba unaozuia stesheni ya mji mwingine kubeba vipindi vya netiweki hiyohiyo, na Mahakama Kuu ya Marekani ilizithibitisha mwaka 1943.

Kuna mahali tajiri mmoja ana zote mbili. Hearst wana WCVB ya Boston, chaneli 5, na WMUR ya Manchester, New Hampshire, chaneli 9, zote ABC na zote ndani ya soko la Boston. Hawaiui ya pili kwa sababu New Hampshire ni jimbo lingine, lina gavana wake, na ndiko kura za mchujo wa urais zinapigwa mapema, kwa hiyo wagombea wanamwaga hela za matangazo huko.

Na kwingine hela ndo inaumaliza huu ujirani. KNTV ya San Jose, California, ilikuwa ABC tangu 1960, ikihudumia pia watu wa Monterey na Salinas, huku ABC wenyewe wakiwa na KGO hapo San Francisco karibu tu. Mwaka 2000 ABC waliilipa KNTV iachie, na mwaka 2002 hiyohiyo KNTV ikageuka kuwa NBC ya San Francisco. Watu wa Salinas wakabaki hawana ABC ya kwao mpaka digitali ilipowezesha mnara mmoja kubeba chaneli kadhaa, na mwaka 2011 KSBW ya hukohuko, ambayo yenyewe ni NBC, ikafungua ABC kwenye chaneli yake ya pili.