Asilimia Mia Ifike kwa Mkulima? Haya, Tupige Hesabu

Jamani, hapana. Mchango wako kwa miradi ya kilimo kama yetu haufiki wote kwa mkulima. Na ukisikia umefika wote, bila senti kubaki njiani, muonee huruma huyo mkulima.

Swali huja kila kinapoanza kipindi cha michango: "Asilimia ngapi inaenda kwa wakulima wenyewe?" Wanaouliza si wabaya. Wameona magari makubwa yenye nembo mlangoni, wamesikia warsha za hotelini za kujadili umaskini. Hofu yao ina sababu. Kinachonichosha ni kuamini kwamba ile asilimia inamnasa mwizi. Mwizi ndiye mwenye asilimia safi kuliko wote, maana safari ya harusini kwao anaiandika "ufuatiliaji wa mradi" na stakabadhi anayo.

Tazama namba yenyewe inavyopikwa. Bwana shamba ana pikipiki moja na vijiji kumi na viwili. Jumatatu anapeleka mbegu, Jumatano anapeleka karatasi za malipo benki. Tangi ni lile lile. Petroli ya Jumatatu ni mradi, ya Jumatano ni uendeshaji, na anayeamua mpaka upite wapi ni mhasibu. Mshahara wa meneja hukatwa hivyo hivyo: sehemu mradi, sehemu ofisi, kwa kufuata karatasi ya saa za kazi ambayo wengi huijaza siku ya mwisho wa mwezi kwa kukumbuka kumbuka. Mashirika mawili yanaweza kufanya kazi ile ile, moja likatangaza uendeshaji wa asilimia 8 na jingine 22, na yote mawili yasiwe yamedanganya.

Ipo na ile ya misaada ya vitu. Shirika likipokea kontena la zana kuukuu na kuziandika vitabuni kwa bei ya mpya, upande wa "mradi" unavimba na asilimia ya ofisi inanywea, hata kama zana zile zinaota kutu ghalani. Wale wanaotangaza "100% kwa mlengwa" nao mara nyingi wana mfadhili mwingine anayelipa ofisi kimya kimya. Si dhambi, ila fedha imehamishwa mfuko tu.

Hata wafadhili wakubwa hawakubaliani. Umoja wa Ulaya na mashirika mengi ya Umoja wa Mataifa hutoa hadi asilimia 7 kwa gharama zisizo za moja kwa moja, yaani za ofisi. Serikali ya Marekani ilikuwa na 10 kwa asiye na kiwango alichokubaliana nayo, kisha Oktoba 2024 ikapandisha hadi 15. Hizo ni namba za mezani, hakuna aliyekwenda shambani kuzipima. Na mwaka 2013 taasisi tatu kubwa za Marekani zinazopima mashirika ya hisani, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, ziliandika barua ya wazi kuwaambia wachangiaji kwamba asilimia ya uendeshaji peke yake ni kipimo kibovu. Barua ilisomwa, swali likaendelea kuulizwa.

Sasa twende shambani. Chukua mbegu ya mahindi, kilo 10 kwa eka. Ukipanda sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, eka inabeba kama mashimo 18,000. Mbegu ikiota kwa asilimia 90 una mimea kama 16,200. Ikiwa imekaa kwenye ghala lenye joto ikashuka hadi 70, una 12,600. Tofauti ni mimea 3,600 kwa eka moja, na mkulima atajua siku ya kumi, wakati mvua ya kwanza imeshatumika. Kipimo cha kuzuia balaa hilo ni rahisi mno: hesabu mbegu mia, zikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, zifungue baada ya siku saba, hesabu zilizoota. Chini ya 80, rudisha mzigo. Lakini lazima awepo mtu wa kuufanya, kwa kila shehena, kabla mzigo haujapakuliwa. Mtu huyo hula, hulala mahali, hupanda basi. Kwenye fomu yako yeye ni "gharama za watumishi", na ndiye unayetaka akatwe.

Mafunzo nayo hufyekwa mapema, kwa kuwa watu wakisikia mafunzo wanasikia posho. Sawa, basi gawa yale magunia ya kuhifadhia, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na gunia la kawaida nje, bila kufundisha mtu. Gunia lile huua dumuzi kwa kumnyima hewa. Kukausha mahindi si kazi yake. Ukifungia mahindi yaliyozidi unyevu wa asilimia 13 na nusu, umefungia ukungu. Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumukuvu ya mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Kipimo cha kijijini ni chupa kavu ya kioo na chumvi kavu: tia mahindi, tia chumvi, tikisa, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Somo la nusu saa hilo, ila mwalimu hafiki kwa miguu.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni kalenda. Fedha za hisani humiminika Novemba na Desemba: Krismasi, na kwa Wamarekani kufunga mwaka wa kodi. Sehemu za mvua moja, kuanzia kusini mwa Tanzania kushuka Malawi na Zambia, mahindi hupandwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba. Rudi nyuma kwa vidole. Mbegu iwe kijijini wiki tatu au nne kabla ya mvua, kwa sababu barabara zikilowa lori halipiti. Iagizwe miezi mitatu au minne kabla ya hapo, maana mbegu iliyothibitishwa huisha na atakayechelewa huuziwa masalia. Kwa hiyo fedha iwe benki Juni, Julai ikizidi sana. Mchango wa Desemba umeshaukosa msimu huu, na ule ujao uko mbali miezi kumi na moja.

Hapo shirika lina njia mbili. Likae na fedha mpaka Julai, Machi mchangiaji apige simu: "Mbona pesa yetu imelala?" Au linunue haraka ili Januari litume picha. Linanunua. Mbegu inafika mvua zimeshapita nusu, imepakwa dawa ya rangi nyekundu, na nyumba haina unga. Watu huosha mbegu ile na kuila. Dawa haitoki yote kwa kuosha. Ripoti itasema kaya kadhaa zimepokea mbegu, asilimia 95 ya bajeti imetumika kwa walengwa, na hakuna sentensi yenye uongo humo.

Akiba ya kulala benki miezi sita si wizi. Kwenye kilimo ndiyo kazi yenyewe.

Mbuzi nitampitia mbio. Ile kadi ya kuchangisha ya "mnunulie mama mbuzi" inaonyesha bei ya mbuzi. Mbuzi wa maziwa anataka banda lililoinuliwa, maji, jiwe la chumvichumvi, dawa ya minyoo, dume lisilo ndugu yake, na majani yaliyopandwa kabla hajafika. Mpango wa kopa mbuzi lipa mbuzi, ambapo jike wa kwanza kuzaliwa huenda kwa jirani, unahitaji mtu wa kufuatilia kwa mwaka mzima. Bila huyo, mnyororo hukatikia nyumba ya pili.

Pampu je? Makadirio ya mwaka 2009 ya RWSN, mtandao wa kimataifa wa maji vijijini, yalionyesha kwamba asilimia 36 ya pampu za mkono kusini mwa Sahara hazikuwa zikifanya kazi. Afridev, aina mojawapo ya pampu hizo, ilibuniwa ili wanakijiji waifungue wenyewe kwa spana moja. Kinachokufa kwanza huwa kitu kidogo: mpira wa pistoni na bushi za plastiki za mpini, vya kubadilishwa kama kila mwaka. Mfadhili amelipia kisima na kibao chenye jina lake. Mpira wa mwaka wa tatu haukuwekwa kwenye bajeti, kwa sababu mradi ulikuwa wa miezi kumi na minane.

Na hapa nikiri jambo. Kwenye maandiko ya miradi huwa tunaandika kwamba "kamati ya maji ya kijiji itasimamia matengenezo", na kalamu haitetemeki. Siku hizi sentensi hiyo siiamini sana. Kamati huchangisha vizuri pampu ikiwa mpya, kisha mweka hazina anahama, au sanduku linakopeshwa kwenye msiba na halirudi. Fundi wa mkataba anayezungukia pampu nyingi na kulipwa zikitoa maji tu naona anafaa zaidi. Jaribu kumwombea fedha, uambiwe ni gharama ya kudumu, haifadhiliwi.

Shaka nyingine: tukiandika kwamba mavuno yameongezeka kwa nusu, muulize mwandishi mvua ilikuwaje na majirani wasio kwenye mradi walivuna nini. Mara nyingi hakuna aliyepima kabla ya kuanza. Na kuna wakati kumpa mkulima fedha taslimu mwezi wa njaa, asilazimike kwenda kulima vibarua shamba la mwenzie huku lake likiota magugu, kungefaa kuliko mradi wetu mzima. Watu wa miradi hatupendi kulisema hilo kwa sauti.

Kwa hiyo ukitaka kunibana, nibane hapa: fedha ilifika benki mwezi gani na mbegu ikafika kijijini mwezi gani? Nani alipima uotaji? Nani anabadilisha mpira wa pampu mwaka wa tatu, na analipwa na nani? Na kwenye fomu, kile kisanduku cha "mchango huu utumike kwa", usiandike "mbegu tu". Ukiandika hivyo, mwaka ambao kijiji kina mbegu ila kimekosa mbolea ya kukuzia, sheria inanilazimisha nikipelekee mbegu nyingine.