Gari la mizunguko ya mjini na safari ndefu ya Desemba

Mwezi Desemba barabara kuu zetu hubadilika sura. Mbali na mabasi na malori yanayopita humo mwaka mzima, huingia magari madogo ya familia, IST, Passo, Raum, Noah, ambayo kwa miezi kumi na moja yalikuwa yakienda kazini, sokoni na shuleni. Ghafla yanapakiwa ukoo mzima, magunia ya mchele ndani na mabegi kwenye keria, yakielekezwa Moshi, Songea, Bukoba au Mbeya katika joto kali la msimu huu. Sisi wakaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani tunakutana nayo njiani: hili limechemsha, lile limepasuka tairi, na mengine tunaitwa kuyakagua baada ya ajali. Mara nyingi ubovu tunaoukuta haukuanza siku ile. Ulikuwepo tangu mjini, ila mjini gari huenda taratibu, halina mzigo, na likizima kuna fundi kila kona.

Kwa hiyo ndugu dereva, kagua gari wiki moja kabla ya safari. Ukaguzi wa saa kumi alfajiri, watoto wakiwa wameshakaa kwenye viti, si ukaguzi. Hata ukikuta kasoro utaondoka nayo.

Nianze na tairi, maana hapo ndipo penye upotofu ambao tumeusemea mpaka sauti zikakauka. Wapo wanaopunguza upepo kabla ya safari wakiamini kwamba tairi lililojaa litapasuka kwa joto la lami. Ukweli ni kinyume chake. Tairi lenye upepo pungufu hubonyea na kunyooka kila linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakozalisha joto ndani ya kuta zake. Ongeza mzigo na mwendo wa saa nyingi, tabaka za ndani huachana na mpira, na tairi linapasuka. Upepo unaopanda kidogo tairi likipata moto njiani umeshahesabiwa na mtengenezaji, usishuke kuutoa.

Kipimo sahihi kimebandikwa kwenye gari lako, kwa kawaida kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yaliyotoka Japani huandikwa kwa kilopaskali, na wengi wakiona 230 wanadhani haiwahusu. Kilopaskali 100 ni psi 14.5, hivyo 230 ni kama psi 33 kwenye geji ya mjaza upepo. Mtajie namba hiyo wewe mwenyewe. Ukimwachia, atakujazia kama alivyomjazia aliyekutangulia. Pima asubuhi, tairi likiwa bado la baridi, na usiisahau spea, ambayo pengine haijaguswa tangu gari lishuke bandarini.

Tazama pia umri wa tairi. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wa mfululizo huo kuna tarakimu nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata (meno ya kukanyagia) nzuri kabisa huku mpira umeshakauka na kupasukapasuka ubavuni. Kwa mizunguko ya Sinza na Kariakoo litakuvumilia. Kwa safari ya Songea sikushauri.

Rejeta nayo ijazwe kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoozea injini, inayofaa gari lako. Maji ya bomba huleta kutu, na kutu ndiyo inayoziba njia ndogo za kupoozea injini. Gari likichemsha, zima, fungua boneti, subiri lipoe. Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi, hata kwa kitambaa.

Sasa breki na milima. Atakayeelekea nyanda za juu kusini atakutana na Kitonga mkoani Iringa. Wa Mwanza atakutana na Sekenke mkoani Singida. Huko bado tunakuta madereva wanaotia gari nyutro kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Naomba hili lieleweke leo. Injini za kisasa, ikiwemo ya IST yako, ukiachia pedali ya mafuta gari likiwa kwenye gia na linashuka, kompyuta hukata kabisa mafuta yanayoingia kwenye injini. Ukitia nyutro, injini lazima iendelee kunywa mafuta ili isizime. Hakuna unachookoa. Unachopoteza ni nguvu ya injini ya kuzuia gari, na mzigo wote unahamia kwenye breki. Breki zikishikwa mfululizo hupata moto, na kama mafuta ya breki ni ya siku nyingi yameshanyonya unyevu, hivyo huchemka mapema na kutoa mvuke. Mvuke unabonyea. Pedali inazama mpaka chini na gari halisimami.

Njia sahihi ni kupunguza mwendo kabla ya mteremko kuanza, kushusha gia, na kwa gari la otomatiki kutumia 2, L, S au B kadiri lilivyoandikwa, ukigusa breki kwa vipindi. Na Kitonga usilipite lori kwenye kona kwa sababu tu linatambaa. Linatambaa kwa sababu dereva wake anajua anachokifanya.

Kuhusu mwendo, sheria iko wazi: penye makazi ni kilomita 50 kwa saa, kuanzia kwenye kibao hadi kibao cha kumalizia. Malalamiko tunayopokea ni mengi, kwamba askari wamejificha na tochi (kifaa cha kupimia mwendo), kwamba kijiji chenyewe hakionekani. Madereva wanawashiana taa kuonyana kuwa mbele kuna tochi, kisha wakishaipita wanakanyaga mafuta mbele ya shule. Ndugu zangu, kibao hicho hakikuwekwa kwa ajili ya askari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtembea kwa miguu akigongwa na uso wa gari, hatari ya kufa huongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Tofauti hiyo ya kilomita 15 ndiyo wengi mnayoiita ndogo mkisimamishwa.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu hupita kwa kilomita kama 50, fuateni vibao. Faini ya kugonga mnyama hupangwa kwa aina ya mnyama, nayo si ya kulipwa kwa fedha ya nauli ya kurudia.

Usingizi hauondolewi na muziki wala dirisha lililofunguliwa. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa unapita mita 28 kila sekunde. Ukisinzia sekunde nne umeenda zaidi ya mita 100 bila dereva. Pumzika kila baada ya saa mbili, na ukihisi macho mazito egesha mahali salama ulale dakika 20. Mikanda wafunge wote, hata wa nyuma. Mtoto asipakatwe kiti cha mbele: gari likisimama ghafla, mikono ya mama haiwezi kumzuia, hata awe na mapenzi kiasi gani.

Gari likiharibika, litoe barabarani uwezavyo na uweke pembetatu za kuakisi mwanga, nyuma na mbele. Matawi ya miti si alama ya usalama. Halafu kuna wanaotengeneza gari wakaondoka, na mawe waliyowekea magurudumu wakayaacha katikati ya lami. Usiku hayo mawe humpata mwenzao. Ajali ikitokea, piga 112, au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Majeruhi wa hali mbaya apelekwe hospitali mara moja. Fomu ya PF3, ile ya polisi kwa ajili ya matibabu ya majeruhi, ifuatiliwe bila kumchelewesha.

Nyaraka sitazirefusha, isipokuwa mbili zinazoleta mzozo kila Desemba. Ya kwanza ni bima. Hakiki stika yako kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya usimamizi wa bima), kwani karatasi peke yake haithibitishi kitu. Bima ndogo hailipi gari lako, inamlipa uliyemdhuru. Na ukibeba abiria kwa nauli katika gari la binafsi, hata ukiita "kuchangia mafuta", unaendesha biashara bila leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), na bima ya matumizi binafsi ina kila sababu ya kukataa madai yako.

Ya pili ni madeni ya faini. Kabla ya safari ingia tms.tpf.go.tz uweke namba ya gari au ya leseni uone kama unadaiwa. Faini ya papo kwa hapo kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kila kosa. Makosa mawili ni 60,000, wala si punguzo la pamoja kama baadhi wanavyodai. Unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipia benki au kwa simu, na fedha haipiti mkononi mwa askari. Una siku 7 za kulipa, baada ya hapo deni huanza kuongezeka. Anayenunua gari la mkononi aangalie deni kabla ya kulipa bei, kwa kuwa deni lililoandikwa kwa namba ya gari linabaki nalo.

Kama hukubaliani na kosa, sheria inakuruhusu kulikana na shauri kupelekwa mahakamani. Mwambie askari pale pale, au nenda kituo kilichoandika kosa hilo ukiwa na leseni na kadi ya gari, kabla ya kulipa. Malipo ni kukiri kosa, na ukishalipa hatuna tena shauri la kupeleka kwa hakimu.